Mzee hali chakula: ni chanzo au ni dalili?

Wiki hii nimeletewa mfuko mwingine wa vidonge. Binti aliumwaga juu ya meza yangu: mafuta ya samaki, vitamini D, vitamini B za kila namba, na kopo la protini ya unga. Baba yake, mwenye miaka 78, alikaa pembeni akitazama sakafu. "Hali vizuri, ndiyo maana amenyong'onyea hivi," akaniambia. "Tuandikie chakula cha kumrudishia furaha."

Mimi ni mtaalamu wa lishe ya wazee, na ningefurahi sana kama maneno hayo yangekuwa kweli. Lakini nimeyasikia mara nyingi mno, na kila mara yamekuwa yakimchelewesha mtu kutibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha.

Nilimwomba mzee apande kwenye mizani. Mkanda wake ulikuwa na matundu mawili mapya yaliyotobolewa kwa msumari, kingo zake bado zimechanika. Kilo 7 zimekwenda katika miezi minne. Chakula kinakuchukiza? "Hapana, mwanangu. Nikikiona tu nachoka." Redio aliyoipenda hajaiwasha tangu amzike mkewe. Huamka saa tisa usiku, na usingizi haurudi tena. Kabla ya msiba alikuwa akimaliza sahani yake.

Hapo sonona ilitangulia, na hamu ya kula ikafuata. Watu huugeuza mpangilio huu kwa sababu tafiti nyingi za kuwafuatilia watu kwa miaka zinaonyesha kuwa wanaokula mboga, matunda, samaki na kunde hupata sonona kidogo kuliko wengine. Nazikubali. Ila sonona haiji siku ile daktari anapoiandika kwenye faili. Huanza mapema, polepole: mtu anaacha kupika, anaacha kwenda sokoni, anakula kikavu akiwa amesimama. Ukimhoji wakati huo utaandika "lishe duni", na mwaka mmoja baadaye utaandika "sonona", kisha utasema cha kwanza kimezaa cha pili. Upweke, maumivu na uhaba wa fedha navyo huharibu sahani na moyo kwa pamoja. Watafiti hujitahidi kuvitenganisha kwa hesabu. Sidhani kama hesabu inatosha.

Kuna jaribio la Australia la 2017 ambalo nalipenda. Watu 67 wenye sonona, wiki 12; asilimia 32 ya waliosaidiwa kubadili mlo walipata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu. Matokeo mazuri. Lakini watu ni wachache, kila mmoja alijua yuko kundi gani, wengi walikuwa tayari kwenye matibabu mengine, na hawakuwa wazee wanaokonda. Siwezi kulichukua nikamwekea mtu wa miaka 80.

Kuhusu vidonge sina haja ya maneno mengi. Marekani, watu zaidi ya 18,000 wenye miaka 50 na kuendelea walipewa vitamini D au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka mitano. Vitamini D haikuzuia sonona. Omega-3, yaani mafuta ya samaki, katika utafiti huohuo nayo haikuizuia. Na ndizi "yenye serotonini", kemikali inayohusishwa na furaha, haifiki kwenye ubongo, kwa kuwa serotonini ya chakula haivuki kizuizi kati ya damu na ubongo.

Upungufu halisi ni jambo jingine. Tumbo la mzee hufyonza B12 kwa shida, na metfomini (dawa ya kisukari) au omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) za muda mrefu huongeza tatizo. B12 ikishuka huleta unyonge, usahaulifu na ganzi miguuni. Basi pima damu, na ikiwa chini, tibu.

Linaloniumiza zaidi ni familia zinazomwekea mzee anayekonda "mlo wa afya". Sukari imeondolewa, chumvi imeondolewa, mafuta yameondolewa, kiini cha yai kimetupwa. Mtu mwenye hamu ya vijiko vitano unampa vijiko vitano vya mboga zilizochemshwa! Aliyepoteza asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi sita bila kukusudia yuko hatarini, na anahitaji nguvu na protini, walau gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, figo zikiruhusu. Milo midogo, mara nyingi, mafuta yaongezwe, mayai, maziwa, na mtu wa kula naye. Hilo la mwisho linanisumbua kitaalamu: wazee wangu wanaponenepa, mara nyingi siwezi kutenganisha kazi ya chakula na kazi ya aliyeketi mezani.

Wala kukosa hamu peke yake hakuthibitishi sonona. Dodoso la sonona ya wazee lililotungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 lina maswali 30, na hakuna hata moja linalouliza hamu ya kula, kwa makusudi: kansa, ugonjwa wa tezi ya shingoni, meno mabovu na dawa kama digoksini ya moyo huiua vilevile. Kwa hiyo tunachunguza mwili na moyo kwa pamoja. Madaktari wengi huchagua mirtazapini, dawa ya sonona, wakitumaini itafungua hamu. Nimeiona ikifanya hivyo, na nimeiona ikishindwa. Ushahidi kwamba inaongeza uzito wa wazee kuliko dawa nyingine za sonona ni dhaifu kuliko tunavyosema kwenye vikao.

Mwishoni nilimuuliza mzee kama huwa anatamani afe. Bintiye alinigusa mkono ninyamaze, akihofia nitamtia wazo. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo.

"Kila asubuhi," mzee akajibu.

Nikaacha kalamu, nikawapeleka wote wawili kwa daktari wa akili mchana huohuo. Mfuko wa vidonge ulibaki mezani kwangu hadi jioni.