Bilauri, mshumaa na kundi la galaksi Abell 1689

Chukua bilauri yenye kitako kinene, uchungulie mwali wa mshumaa kupitia kitako hicho. Utauona umevutika na kupinda, pengine umekuwa miwili, pengine pete. Mshumaa ni uleule. Mwanga wake ndio uliopindishwa njiani.

Angani pia zipo lenzi, nazo hufanya kazi kwa uvutano. Albert Einstein alieleza mwaka 1915 kwamba tungamo hupinda nafasi inayolizunguka, na mwanga unaopita hapo hufuata mpindo huo. Jua lilipopatwa tarehe 29 Mei 1919, mwanaastronomia Arthur Eddington alikuwa kisiwani Príncipe, magharibi mwa Afrika, akipiga picha za nyota zilizokuwa karibu na Jua. Zilionekana zimesogea kidogo sana.

Kundi la galaksi lina nguvu kuliko Jua kwa mbali mno. Abell 1689, upande wa kundinyota Mashuke, liko umbali wa miaka ya nuru bilioni 2 na zaidi. Ukiikuza picha yake iliyopigwa na darubini ya Hubble, utaona galaksi za manjano zimesongamana katikati, na pembeni vitao vyembamba vya buluu, kama hilali. Kila kitao ni sura iliyonyooshwa ya galaksi iliyo nyuma kabisa ya kundi, na galaksi moja huweza kutokea mara kadhaa katika picha hiyohiyo.

Galaksi hizo za manjano na gesi ya moto iliyo kati yake hazina tungamo la kutosha kupinda mwanga kiasi hicho. Sehemu kubwa ya tungamo la kundi ni mata ya giza, isiyoonekana. Hilo wengi wamelisikia. Lisilosemwa sana, na kwangu ndilo zuri zaidi, ni kwamba vitao hivyo hutupa pia habari za nishati ya giza. Tafadhali tusizichanganye: mata ya giza huvuta, ilhali nishati ya giza ndiyo jina la kile kinachofanya ulimwengu utanuke kwa kasi inayozidi kuongezeka, jambo lililogunduliwa mwaka 1998 kwa kupima supernova, yaani nyota zinazolipuka, za mbali.

Turudi kwenye bilauri. Sogeza mshumaa nyuma, na umbo la mwali litabadilika ingawa kitako ni kilekile. Vivyo hivyo, galaksi zilizo nyuma ya Abell 1689 ziko katika umbali tofautitofauti, zote zikionekana kupitia lenzi moja. Ukilinganisha vitao vyake kwa makini, unaweza kutenganisha athari ya tungamo na athari ya umbali. Na umbali huo unategemea jinsi ulimwengu ulivyotanuka.

Mwaka 2010 wanaastronomia Eric Jullo, Priyamvada Natarajan na wenzao walitoa hesabu hiyo. Walipoiunganisha na vipimo vingine, jibu liliafikiana na nishati isiyochujuka: nafasi ikitanuka, kila mita ya ujazo hubaki na kiasi kilekile.