Kebo ya Ardhini Iendayo Gereji: Usidanganywe na Udongo Mkavu

Kebo iliyokatwa kabisa na sururu hainipi shida kubwa, kwa sababu gereji huzima papo hapo na kila mtu anajua pa kuchimba. Ninayoihofia ni ile iliyochubuliwa: ganda la nje limepasuka, nyaya za chuma za ngao zimeonekana, pengine hata insulesheni (plastiki inayofunika shaba) ya waya mmojawapo imekwaruzwa, lakini taa zinawaka na mashine ya kuchomelea inafanya kazi kama kawaida. Hapa Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza takribani Desemba na kuishia Aprili, kwa hiyo kebo iliyochubuliwa mwezi Juni inaweza kukaa miezi kadhaa katika udongo mkavu, usiopitisha umeme vizuri, bila kuonyesha dalili yoyote. Mwenye nyumba anaponiambia, "Fundi, gereji si inawaka? Tufukie tu," humjibu kwamba taa kuwaka ni uthibitisho kuwa shaba haijakatika, wala si uthibitisho kuwa insulesheni ni nzima.

Katika viwanja vinavyoendelea kujengwa, kama vile Nzuguni, Iyumbu na Ihumwa, uchimbaji hauishi: leo ni mtaro wa bomba la maji, kesho ni shimo la maji taka, baadaye ni nguzo za uzio. Kuna pia mchwa, ambao hutafuna ganda laini la plastiki, hasa pale mtu alipofukia waya wa kawaida wa ndani ya nyumba bila bomba wala ngao.

Mvua ya kwanza ikinyesha, maji huingia penye mpasuko na umeme huanza kuvuja kwenda ardhini. Kama kuna ile swichi ya kinga ya uvujaji tunayoiita RCD, yenye kiwango cha miliampea 30, itajizima na kukataa kuwashwa, na hapo wapo wanaoamua kuiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja, jambo ambalo nalipinga kwa nguvu zangu zote. Pasipokuwa na RCD, hali ni mbaya zaidi. Nyumba nyingi hutegemea ethi rodi yake yenyewe, yaani fimbo ya chuma iliyopigiliwa ardhini ili kupeleka huko umeme unaovuja, na katika udongo wetu mkavu ukinzani wa rodi fupi huwa mkubwa. Chukua mfano wa njia ya uvujaji yenye jumla ya omu 50: volti 230 zitasukuma ampea 4.6 tu, na sakiti breka ya ampea 32 haitashtuka kamwe, kwani kwake huo ni mzigo mdogo. Mkondo huo ni sawa na takribani kilowati moja, yaani zaidi ya uniti 25 za LUKU kwa siku zinazoishia udongoni, huku ngao ya kebo na mabati ya gereji vikiweza kuwa na umeme wa kumdhuru anayevigusa. Kumwagia rodi maji ya chumvi, kama wengine wafanyavyo, husaidia kwa muda na huharakisha kutu; ni afadhali kuunga rodi mbili na kuzipigilia zifike kwenye udongo wenye unyevu.

Kebo ikigongwa, simamisha uchimbaji, ondoa watu shimoni na uache sururu pale ilipo. Zima meni swichi, usiishie kwenye breka ya gereji peke yake. Breka ya kawaida hukata waya wa moto tu na kuacha nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, ikiwa imeunganishwa, na ndiyo sababu nyutro ikigusana na ethi, RCD huendelea kujizima hata breka ya gereji ikiwa chini. Fundi afunge swichi hiyo ili mtu mwingine asiiwashe, kisha ahakikishe kwa testa kwamba umeme haupo, na testa yenyewe ijaribiwe penye umeme kabla na baada ya kupima. Kama kebo iliyogongwa iko kabla ya mita, usiiguse; piga simu TANESCO.

Baada ya hapo ni kazi ya mega, kifaa cha kupima uzima wa insulesheni. Kebo hufunguliwa pande zote mbili na vifaa vyote hutolewa, kisha hupimwa kwa volti 500 kati ya moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, lakini mimi siridhiki nacho kwa kebo fupi ya nyumbani, ambayo ikiwa nzima husoma mamia ya megaomu. Kebo inayosoma megaomu 3 wakati wa kiangazi naihesabu kuwa imeharibika. Palipochimbwa karibuni ndipo pa kuanzia kutafuta, na pasipo na alama, kebo ikiwa na kiungo cha zamani hufunguliwa hapo ili kila kipande kipimwe peke yake.

Kuunga kunafaa pale ambapo kebo iliyobaki ni nzima. Sehemu iliyoingia maji hukatwa hadi shaba inayong'aa na kavu ionekane, kwa sababu maji husafiri ndani ya kebo kufuata nyuzi. Waya huungwa kwa vibomba vya shaba vinavyobanwa kwa koleo lake, ngao huunganishwa tena pande zote mbili ili ethi isikatike, kisha kiungo chote hufungwa ndani ya kasha la kumiminiwa gundi ngumu isiyopitisha maji. Tepu nyeusi pekee haifai ardhini. Kiungo nisingekiweka pale magari yanapopita; hapo nashauri kebo mpya.

Na ukibadilisha, fikiria umbali. Kwa mita 40 na mzigo wa ampea 30, kebo ya shaba ya milimita za mraba 4 hupoteza takribani volti 13, ilhali ya 6 hupoteza karibu 9. Mwenye kompresa na mashine ya kuchomelea ataiona tofauti hiyo. Mimi huifukia sentimita 60, na zaidi kwenye njia ya magari, juu ya mchanga uliochekechwa usio na mawe, na katikati ya kina hicho natandaza utepe wa tahadhari. Kabla ya kufukia napima tena kwa mega, napiga picha mtaro, kisha nachora njia ya kebo pamoja na vipimo vyake kutoka ukutani na kubandika mchoro huo ndani ya mlango wa boksi la meni swichi, ambapo mchimbaji anayefuata ataukuta.