Pete kubwa hufungwa na mgeni wake

Kazi yangu ni kutengeneza molekuli zenye umbo la pete kubwa, ambazo tundu lake la katikati hupokea molekuli nyingine ndogo. Kuzichora ni rahisi. Kuzifunga ndiyo shughuli.

Mnyororo wenye ncha mbili zilizo tayari kuungana hushikana na jirani yake mapema kuliko unavyojikunja, nawe unaishia na polima, yaani minyororo mirefu iliyoungana, inayonata chupani. Dawa ya zamani ni kuzimua sana na kudondosha malighafi polepole, ili ncha za mnyororo mmoja zikutane zenyewe. Inafaa, ila inakula kiyeyushi kingi mno kwa mavuno kiduchu.

Ndiyo maana nazipenda pilarareni, aina ya pete hizi iliyotangazwa mwaka 2008 na Tomoki Ogoshi na wenzake huko Japani. Dimethoksibenzini na paraformaldehaidi huchanganywa pamoja na kichocheo cha trifloridi ya boroni. Ukitumia dikloroethani kama kiyeyushi, unapata zaidi pete ya vipande vitano. Weka klorosikloheksani, ambayo molekuli yake ni nene zaidi, na pete ya vipande sita ndiyo inayotawala. Kiyeyushi chenyewe hukaa katikati, pete ikajengeka kukizunguka. Na kwa kuwa kichocheo huvunja na kuunga bondi tena na tena, hata mnyororo uliopotea njia hupata nafasi ya kujirekebisha.

Baada ya hapo namjaribu mgeni, yaani ile molekuli ndogo inayoingia tunduni. Kwa pete ya vipande vitano, yenye tundu la takriban nanomita 0.47, mgeni mzuri ni adiponitrili: nyembamba, imenyooka, ina kundi la siano (kaboni na nitrojeni zilizoungana) kila ncha. Naiongeza kwenye myeyusho wa pete na kupima NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha kila hidrojeni iko katika mazingira gani. Hidrojeni za katikati ya mgeni, zikizungukwa pande zote na vipande vya benzini vinavyounda pete, hukingwa dhidi ya uga wa sumaku kiasi kwamba vilele vyake kwenye grafu vinaweza kuhamia hadi chini ya sifuri ya mizani ya NMR. Nikiviona huko, sina haja ya kubishana na mtu kama mgeni kaingia.

Ila kipimo hiki nakifanya ndani ya kloroformu. Molekuli yake haikai vizuri kwenye tundu hilo, hivyo haigombanii nafasi. Dikloroethani ile iliyosaidia kufunga pete lazima kwanza iondolewe kabisa kwa kukausha kwenye ombwe. Ikibaki humo, mgeni ataonekana dhaifu kuliko alivyo.