Nani Anajua Kwamba Baba Si Baba?

Kazi yangu ni kuhariri miswada ya filamu, na kila ninapopokea ule ambao mhusika wake mkuu anaamka ndani ya maisha asiyoyajua, swali langu la kwanza halihusu uchawi uliomfikisha huko. Ninauliza: katika nyumba hiyo ngeni, ni nani anayetambua kwamba aliyeamka si yule aliyelala? Jibu bora ninalolifahamu limo katika The Family Man, filamu ya mwaka 2000 iliyoongozwa na Brett Ratner kutokana na mswada wa David Diamond na David Weissman.

Mwaka 1987 Jack Campbell, anayeigizwa na Nicolas Cage, anaagana kwenye uwanja wa ndege na mpenzi wake Kate, ambaye ni Téa Leoni, ili aende London kujifunza kazi ya benki. Kate anamsihi asiondoke, naye anaondoka. Miaka 13 baadaye ni tajiri wa Wall Street asiye na mke wala mtoto. Katika mkesha wa Krismasi anamkuta dukani kijana aitwaye Cash akigombana na muuzaji anayeikataa tiketi yake ya bahati nasibu iliyoshinda dola 238. Bastola inapotolewa, Jack anatuliza mambo kwa kujitolea kuinunua tiketi hiyo kwa dola 200, kama mchuuzi aliyeona faida ya dola 38. Wakiwa nje, Cash anamuuliza anakosa nini maishani, naye anajibu kwamba anacho kila anachokihitaji. Asubuhi anaamka New Jersey kando ya Kate, akiwa baba wa watoto wawili na muuzaji wa matairi katika duka la baba mkwe wake.

Uchawi hauelezwi zaidi ya hapo. Cash anasema tu kwamba Jack amepewa nafasi ya kuchungulia. Waandishi walifanya vyema, kwa kuwa mtazamaji huumeza muujiza mmoja bila kudai risiti, lakini ukimwongezea wa pili huanza kukagua hesabu.

Tatizo linalobaki ni la ufundi. Jack akimweleza mkewe ukweli ataonekana amerukwa na akili, na akinyamaza sisi hatutajua yanayompitia. Hapo ndipo Annie, binti yake mdogo, anapomtazama kwa makini, akaamua kwamba huyu ni kiumbe wa sayari nyingine aliyevaa sura ya baba yake, na badala ya kupiga mayowe akamkaribisha duniani. Tangu hapo yeye ndiye mwenyeji: anamsimamia akihangaika na nepi ya mdogo wake, kisha anamwelekeza watoto hupelekwa wapi asubuhi na yeye mwenyewe hufanya kazi wapi. Maelezo ambayo yangechosha kinywani mwa mtu mzima yanachekesha yakitolewa na mtoto anayeyatamka kwa utulivu wa karani wa mapokezi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa anayepona ni mgeni.

Sipendi jinsi filamu inavyoelemeza mizani, kana kwamba fedha na upweke ni pacha. Hata hivyo ninaisamehe kwa sababu ya tukio moja dogo: Jack na Annie wanacheza kwenye theluji, na mtoto anamwambia alijua kwamba angerudi. Kwa Annie, baba amepatikana. Kwa Jack, muda wa kuchungulia umekaribia kwisha.

Anaporudishwa kwenye utajiri wake, Jack anamfuata uwanjani Kate wa maisha halisi, anayehamia Paris, na kumsimulia habari za nyumba na watoto wawili. Anachokipata ni kikombe cha kahawa. Tunawaona wakizungumza bila kuyasikia maneno yao, huku theluji ikianguka nje. Annie hayupo, na hakuna sentensi hata moja inayotuahidi kwamba atazaliwa.