Simu ya zamani imeleta apdeti kubwa, usibonyeze kwanza

Kila ikifika mwezi wa tisa Apple wakitoa iOS mpya, yaani mfumo unaoendesha iPhone, simu yangu haipumziki, watu wananiuliza fundi imekuja apdeti nikubali au niache, na wengi wanaouliza wana simu za used ambazo zimeshakula miaka mitano sita. Mimi kwanza nauliza, namba inayobadilika ni ya mbele au ni ya nyuma ya nukta?

Kama ni ya nyuma, mfano 15.8.4 kwenda 15.8.5, weka leo leo. Hizo zinaziba matundu ya usalama, hazigusi sana mambo mengine. iPhone 6s ilitoka 2015, iOS 16 ya 2022 haikuipata, lakini mpaka 2025 bado ilikuwa inaletewa viraka vya iOS 15. Wanaozima apdeti zote kwa kuogopa simu kuwa nzito wananiumiza roho kweli. Kirusi cha WannaCry kilipiga kompyuta za Windows Mei 2017 na hospitali Uingereza zikakwama, wakati Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka tangu Machi!

Ya mbele, mfano 15 kwenda 16, ndo ya kukaa chini ukaifikiria, kwa sababu ukishavuka hurudi. Toleo jipya likitoka, Apple wanaendelea kuruhusu la zamani muda mfupi tu halafu wanafunga, na wakishafunga hakuna fundi wa kukurudishia kwa njia ya kawaida, hata umlipe shilingi ngapi. Watu wanadhani tunawabania, hapana, mlango umefungwa huko huko kwa wenyewe.

Sasa je, lazima simu iwe nzito? Sio lazima. iPhone 3G ilipowekewa iOS 4 mwaka 2010 ilikuwa mateso matupu, lakini iOS 12 ya 2018 iliifanya 5s ya 2013 iwe nyepesi kuliko ilivyokuwa na iOS 11. Kwa hiyo subiri wiki mbili tatu, sikiliza wenye modeli kama yako kabisa wanasemaje, sio mwenye simu ya mwaka huu.

Halafu angalia betri, hapa ndo wengi wanakosea. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba simu zenye betri zilizochoka walikuwa wanazipunguzia spidi ili zisizime ghafla, wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 mpaka 29, na baadae wakaweka sehemu ya afya ya betri kwenye setingi. Ukiona imeshuka chini ya asilimia 80, badilisha betri kwanza ndo uamue mambo ya apdeti, nina wateja waliobadilisha betri tu na kesi ya uzito ikaishia hapo.

Kuna wakati lakini huna uchaguzi. Tangu mwaka 2025 WhatsApp inataka iOS 15.1 kwenda juu, kwa hiyo mwenye iPhone 7 aliyeng'ang'ania iOS 13 itabidi apande tu, na mwenye 5s au 6 hata akitaka haiwezekani, zenyewe zimeishia 12.

Na bakapu jamani, yaani nakala ya vitu vyako mahali pengine. Niliwahi kumbonyezea dada mmoja fundi cherehani apdeti kwenye simu ya GB 16 iliyokuwa imejaa mpaka juu, ikakwama katikati, ikabidi ifutwe yote, na picha za marehemu baba yake zilikuwa humo tu. Sikumuuliza kama kazihifadhi mahali pengine. Kosa ni langu na bado linaniuma, ndo maana siku hizi bila bakapu siigusi simu ya mtu.

Ukishaweka, siku ya kwanza na ya pili itapata joto na chaji itaisha haraka, inapanga picha na mafaili upya ndani kwa ndani. Iache kwenye chaji na WiFi usiku kucha. Wiki ikipita na bado inachemka, hapo niletee.