Ukubwa wa Matumizi ya Ardhi na Anuwai ya Wadudu

Ukubwa wa matumizi ya ardhi ni kiasi ambacho binadamu huingilia eneo fulani ili apate mazao, malisho au mbao. Si suala la kujua tu kama eneo hilo linatumika au limeachwa. Malisho yanayokatwa mara moja kwa mwaka bila mbolea na malisho yanayokatwa mara nne na kumwagiwa samadi ya maji baada ya kila mkato huandikwa kwa jina moja katika takwimu za kilimo, ilhali kwa panzi au kipepeo hayo ni makazi mawili yasiyofanana hata kidogo. Ili tofauti hiyo ipimike, watafiti wa mradi mkubwa wa bioanuwai nchini Ujerumani, ambao viwanja vyake vimesambaa katika maeneo ya Schwäbische Alb, Hainich-Dün na Schorfheide-Chorin, walichapisha mwaka 2012 kipimo kinachounganisha mambo matatu: kilo za nitrojeni zinazowekwa katika hekta moja kwa mwaka, idadi ya mara ambazo majani hukatwa, na wingi wa mifugo pamoja na siku inazokaa malishoni. Kila jambo hugawanywa kwa wastani wake, matokeo hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Hesabu yenyewe ni nyepesi, lakini imewawezesha watafiti kuviweka viwanja 150 vya majani kwenye mstari mmoja, kuanzia kile kinachoguswa kidogo hadi kile kinachokamuliwa.

Upande wa pili wa uhusiano huu ni anuwai ya wadudu, nayo inahitaji uangalifu kwa sababu neno hilo hubeba mambo kadhaa. Mtu anaweza kuhesabu wadudu wote walionaswa, anaweza kupima uzito wao wa jumla, au anaweza kuhesabu spishi. Na vipimo hivyo havipandi wala kushuka pamoja. Eneo likivamiwa na aina moja ya vidukari, wadudu wataongezeka kwa maelfu huku spishi zikipungua. Zaidi ya hapo, tangu Robert Whittaker alipoandika juu ya jambo hili mwaka 1960, wanaikolojia hutofautisha anuwai ya alfa, yaani idadi ya spishi katika kiwanja kimoja, anuwai ya beta, yaani jinsi kiwanja kimoja kinavyotofautiana na kingine, na anuwai ya gama, ambayo ni ya eneo zima lenye viwanja vyote. Kwa maoni yangu, beta ndiyo inayosahaulika zaidi katika mijadala ya hifadhi, ingawa ndiyo inayoeleza hasara kubwa zaidi.

Sababu ni hii. Mwaka 2016 watafiti wa viwanja vilevile vya Ujerumani walichapisha uchambuzi wa zaidi ya spishi na vikundi 4,000 vya viumbe, kuanzia vijidudu vya udongoni hadi mimea, wadudu na ndege, na wakaonyesha kwamba hata ongezeko la wastani la ukubwa wa matumizi hufanya jamii za viumbe za sehemu mbalimbali zifanane, na kwamba kufanana huko hutokea kwa kiasi kikubwa bila kutegemea kama idadi ya spishi ndani ya kiwanja kimoja imebadilika. Kwa hiyo mkulima anaweza kusimama katika shamba lake, akahesabu spishi zilezile 40 za wadudu alizohesabu baba yake, na jirani yake naye akahesabu 40. Tofauti ni kwamba zamani 40 za huyu hazikuwa 40 za yule, na sasa ni zilezile. Anayepima shamba moja tu hataona kilichopotea.

Njia zinazoleta hali hiyo zinaeleweka vizuri katika nyanda za majani. Nitrojeni hupendelea nyasi chache zinazokua kwa haraka, nazo hurefuka na kuinyima mwanga mimea midogo ya maua inayozoea udongo maskini. Mimea hiyo ikitoweka, hutoweka pia viwavi wanaokula jani la mmea mmoja tu, na baada yao nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi hao. Kukata majani huua moja kwa moja, hasa kwa mashine za visu vinavyozunguka, na papo hapo huondoa chakula, kivuli na mahali pa kutagia katika eneo lote kwa siku moja. Malisho ya mifugo kwa kawaida huwa na madhara ya polepole zaidi, kwa kuwa ng'ombe huchagua majani, huacha vishungi visivyoliwa na huangusha mavi ambayo ni makazi kamili ya mbawakawa na nzi. Hata hivyo, faida hiyo hupungua pale mifugo inapopewa ivermectin, dawa ya minyoo ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri, kwa sababu mabaki yake hutoka pamoja na mavi na kuwaua mabuu wanaokua humo.

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba wadudu wangefaidika kama binadamu angeondoka kabisa. Sehemu kubwa ya nyanda za majani za Ulaya ya kati imetokana na fyekeo na mifugo, na ikiachwa hugeuka kichaka, kisha msitu. Kipepeo Phengaris nausithous anaonyesha jinsi jambo hili lilivyo na masharti magumu. Jike hutaga mayai kati ya Julai na Agosti ndani ya vichwa vya maua vya mmea mmoja tu, Sanguisorba officinalis. Kiwavi hula humo kwa wiki chache, hujidondosha chini, na kwa harufu yake huwahadaa sisimizi wa spishi ya Myrmica rubra wakamchukua hadi kiotani mwao, ambako hukaa msimu wote wa baridi akila watoto wa sisimizi wenyewe. Majani yakikatwa Julai au Agosti, kizazi kizima hupotea pamoja na maua. Yasipokatwa kabisa kwa miaka mingi, vichaka huufunika mmea na sisimizi wanaohitaji mahali pa wazi na penye unyevu hupungua. Mkato wa mapema mwezi Juni na mwingine baada ya katikati ya Septemba humfaa kipepeo huyu, na kwa hiyo kinachomwokoa au kumwangamiza ni tarehe ya mkato zaidi kuliko idadi ya mikato. Uchambuzi mwingine wa viwanja hivyo, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba pale ambapo ukubwa wa matumizi hubadilika mwaka hadi mwaka, anuwai ya viumbe kwa ujumla huwa kubwa zaidi, hasa ya spishi adimu na hasa pale matumizi yalipo madogo.

Kisha yakaja matokeo yaliyotatiza picha hii. Mwaka 2019 lilichapishwa chapisho lililojumlisha makusanyo ya kuanzia mwaka 2008 hadi 2017, yenye zaidi ya wadudu na buibui milioni moja wa spishi takriban 2,700. Katika nyanda za majani, uzito wa jumla ulikuwa umeshuka kwa asilimia 67, idadi ya wadudu kwa asilimia 78 na idadi ya spishi kwa asilimia 34. Katika viwanja 30 vya misitu vilivyopimwa kila mwaka, uzito ulishuka kwa asilimia 41 na spishi kwa asilimia 36. Miaka kumi ni michache kwa viumbe ambao idadi yao huyumba kwa baridi ya msimu mmoja, na wapo wanatakwimu waliohoji jinsi miaka mibaya na mizuri ilivyoshughulikiwa katika hesabu hizo. Lakini lililo muhimu zaidi kwa dhana tunayoieleza ni kwamba kasi ya kushuka haikutegemea ukubwa wa matumizi ya kiwanja chenyewe. Nyanda za majani zilizotumika kwa upole zilipoteza wadudu kama zile zilizotumika kwa nguvu, na kilichotofautisha ni kiasi cha mashamba ya mazao yaliyozizunguka: kadiri mashamba yalivyokuwa mengi, ndivyo hasara ilivyokuwa kubwa. Katika nyanda hizo walioathirika zaidi ni wadudu wasioweza kusafiri mbali, jambo linaloeleweka, kwani kiwanja kidogo kikipatwa na mwaka mbaya hakuna watakaokuja kujaza nafasi kutoka kiwanja kingine kilicho ng'ambo ya kilomita kadhaa za ngano. Misituni ilikuwa kinyume chake: waliopungua zaidi ni wale wanaosafiri mbali, labda kwa sababu hao ndio wanaokutana na mashamba nje ya msitu.

Kipimo cha msitu hakiwezi kuwa kile cha majani, kwa kuwa msitu haukatwi kila mwaka. Huko huangaliwa kiasi cha miti kinachovunwa, uwepo wa spishi za miti zilizopandwa mahali pasipo pa asili yake, na kiasi cha miti iliyokufa inayoachwa. Hili la mwisho lina uzito wake, maana takriban robo ya spishi za misitu ya Ulaya huhitaji mti mfu katika hatua fulani ya maisha: mbawakawa wanaochimba chini ya gome, wengine wanaokula mbao zilizolainishwa na kuvu, na wawindaji wanaowafuata. Jambo lisilotarajiwa lilitoka katika misitu ya mti uitwao Fagus sylvatica huko Hainich-Dün, ambako utafiti wa mwaka 2018 ulilinganisha misitu inayovunwa mti mmoja mmoja na ile inayovunwa kwa vitalu vya miti ya rika moja. Wengi wangetarajia ule wa kwanza, unaofanana na msitu wa asili, uwe na viumbe wengi zaidi, lakini katika eneo zima mchanganyiko wa vitalu vya marika mbalimbali ndio uliokuwa na anuwai kubwa zaidi, kwa sababu kitalu cha miche, cha miti michanga na cha miti mikubwa kila kimoja kina mwanga na wadudu wake. Hapa tena ni beta inayozungumza.

Tukija Afrika Mashariki, kipimo cha mbolea, mikato na mifugo hakihamishiki kilivyo. Savana yetu hudumishwa na mvua, moto, wanyamapori na wafugaji, na mchwa, ambao Ulaya ya kati hawana nafasi hiyo, huamua kwa vichuguu vyao wapi udongo uwe na rutuba. Matumizi ya binadamu hapa yana upande ambao kipimo cha Ujerumani hakiuoni: utafiti uliofanywa katika kaunti ya Narok, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita bado udongo una virutubisho vingi kuliko eneo la jirani, na majani yake huwavuta wanyama hadi leo. Boma lililohamishwa huacha doa linalotofautiana na savana iliyolizunguka.

Mlima Kilimanjaro ndiko ambako swali hili limechunguzwa kwa mapana zaidi katika ukanda wetu, kwa viwanja vya asili na vinavyotumika vilivyopangwa kutoka takriban mita 870 hadi zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa athari ya matumizi ya ardhi hutegemea hali ya hewa ya mahali, kiasi kwamba haifai kukadiria hasara ya tambarare kavu yenye mahindi kwa kutazama mashamba ya mteremko wenye mvua. Katika mteremko huo vipo vihamba vya Wachagga, ambamo migomba, kahawa na miti mirefu ya kivuli hukua pamoja. Watafiti waliolinganisha vihamba, mashamba ya kahawa yenye kivuli na yale ya jua kali walikuta, katika chapisho la mwaka 2014, kwamba wanyama wanaokula wadudu waharibifu waliongeza idadi ya maua yanayofikia kuwa tunda kwa asilimia 9, na wachavushaji waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7, bila huduma hizo kushuka kadiri kilimo kilivyozidi kuwa cha nguvu. Maelezo yanayokubalika ni kwamba mashamba hayo hayako mbali na vihamba, mabonde ya mito na msitu wa juu, hivyo nyuki anayefanya kazi katika shamba la jua kali si lazima awe na kiota chake humo.