Mzinga Umepooza: Maswali na Majibu Kuhusu Afya ya Nyuki

Nitajuaje kama nyuki wangu wana tatizo kabla sijafungua mzinga?

Kaa pembeni ya mlango wa mzinga asubuhi, jua likishapanda, kwa dakika kumi tu. Kundi lenye afya lina pilikapilika, na wengi wanaorudi wamebeba chavua miguuni. Ukiona wanaotoka ni wa kuhesabu, majana (watoto wa nyuki) yametupwa chini, au nyuki wanatambaa ardhini wakiwa na mabawa yaliyojikunja, jioni hiyo washa bomba la moshi ukakague.

Nimekuta utando kama wa buibui kwenye masega. Ni nini?

Ni nondo wa nta. Jike hutaga mayai kwenye nyufa, kisha viwavi wake hutoboa masega meusi ya zamani, wakiacha utando na vinyesi vidogo vyeusi. Wafugaji wengi husema nondo amefukuza nyuki. Mara nyingi sivyo: kundi lilishadhoofika, malkia kafa au asali imevunwa yote, ndipo nondo akapata nafasi. Inaniuma kuona mtu amekata hadi sega la mwisho, nyuki wamehama kwa njaa, kisha lawama zinaangukia mdudu. Waachie nyuki chakula chao. Masega yaliyoharibika yatoe na uyayeyushe siku hiyohiyo; ukiyatupa manzukini, yaani mahali unapofugia nyuki, umewafugia nondo.

Asali inatoa povu na kunuka kama machungwa yaliyooza. Bado inafaa?

Haifai kuuzwa wala kuliwa. Hiyo ni kazi ya wabuu wa mbawakawa mdogo wa mzinga, mdudu wa kahawia iliyokolea mwenye urefu wa milimita 5 hadi 7. Asili yake ni Afrika, na nyuki wetu wanamjua: humkimbiza hadi pembeni, wakamzungushia gundi na kumfungia humo. Alipoonekana Florida, Marekani, mwaka 1998, aliwatia hasara kubwa wafugaji wa huko, maana nyuki wao wa asili ya Ulaya hawakuwa wamemzoea. Kwetu hushinda pale tu nyuki ni wachache kuliko masega wanayotakiwa kuyalinda.

Na utitiri wa varoa?

Ulithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Una rangi ya kahawia-nyekundu, upana wa takribani milimita moja na nusu, na umbo bapa kama kaa mdogo. Hunyonya nyuki na kueneza virusi vinavyokunja mabawa. Kuupima, weka nusu kikombe cha nyuki kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu, ukihakikisha malkia hayumo. Ongeza sukari laini ya unga, zungusha taratibu, kisha kung'uta juu ya sahani nyeupe. Nyuki wa Afrika huuvumilia vizuri, kwa hiyo usikimbilie kemikali.

Majana yakioza je?

Chovya njiti ya kiberiti kwenye kijumba cha sega chenye mfuniko uliobonyea. Ukivuta ukaona uzi wa kahawia unaonata, shuku ugonjwa wa bakteria wa majana, uliothibitishwa Western Cape, Afrika Kusini, mwaka 2009. Hauambukizi binadamu, lakini mbegu zake hudumu miongo kadhaa ndani ya mzinga. Usihamishe sega wala kifaa chochote; mwite afisa nyuki. Antibiotiki huficha dalili tu, na mabaki yake huingia kwenye asali.

Sisimizi na siafu wananimaliza. Nipulize dawa ya wadudu?

Hapana! Nyuki naye ni mdudu. Dawa hiyo itamuua, na sumu itabaki kwenye nta. Ning'iniza mzinga kwa waya uliopakwa grisi, au simamisha miguu ya kichanja ndani ya makopo yenye oili chafu. Kisha fyeka majani yote yanayogusa mzinga, kwa sababu unyasi mmoja tu ni daraja la kutosha kwa siafu.